Kama Huna Kazi na Shamba Hili

Maabara ya Mitambo ya Maji Taka
4 Februari

Kwa Mkulima,
Shamba Namba 17.

Unaarifiwa kuwa kanuni mpya za kumwaga tope la maji taka mashambani zimeanza kutumika. Kuanzia sasa lori la tope halitaingia kwenye shamba lolote ambalo udongo wake haujapimwa mwaka huu. Dereva atakukabidhi kopo la bluu pamoja na kijitabu cha kanuni. Chimba mashimo kumi na tano, kila moja kina cha shibiri moja, ukilipita shamba zima kwa mshazari, kwenda na kurudi. Usichimbe kwenye kona moja tu. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi, jaza kopo, funga. Usichukue udongo wa karibu na nyumba, banda la kuku wala jalala.

Kopo lirudishwe kwa dereva huyohuyo.

Mpimaji wa Udongo

Nyongeza: Ndani ya kasha la makopo kuna nafasi. Dereva huwa hasomi vya watu.


Shambani
11 Februari

Mwanangu Kidole,

Barua yako ya kiofisi nimeipata. Nimeisoma nimesimama, maana karatasi yenye mhuri huwa haiji na habari za kukaa. Nikafika kwenye nyongeza, nikaona mwandiko, ile "g" yako yenye mkia kama wa panya. Hapo ndipo nikakaa.

Miaka mitatu hujaniandikia hata hujambo, leo unaniita Mkulima, Shamba Namba 17. Haya, Mkulima hajambo. Magoti yananung'unika lakini meno yote bado ni yangu.

Mashimo nimechimba kumi na tano, kwa mshazari kama ulivyoagiza, naenda nageuka, naenda nageuka. Jirani yangu Mwalimu alisimama mpakani akanitazama weee, halafu akauliza kwa adabu zake zote kama nimeanza kunywa. Nikamwambia ni kanuni. Akasema kanuni hiyo lazima aliitunga mtu akitoka kilabuni. Na yeye kapewa kopo lake, wiki hii tutaona nani atakayemcheka nani.

Nimefurahi kusikia kazi yako ni udongo. Wewe hukuwa mtu wa kupita penye unga, matope au rangi ya milango bila kutia kidole, ndiyo maana jina likakuganda. Sasa wanakulipa kwa utundu uleule niliokuchapia. Baba yako angecheka mpaka akohoe.

Habari za siku tuliyomzika sitazigusa. Ulisema niuze shamba nikakae nawe mjini kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, nami nikajibu nilichojibu. Sikumbuki vizuri nilisema nini.

Mama yako


Maabara
24 Februari

Mama,

Udongo wako ni safi. Madini ya risasi ni kidogo, kadimiamu, ile sumu nyingine, karibu hakuna, zinki iko chini sana ya kiwango. Kibali nimekiweka humu kashani. Marashi atakuletea mizigo sita wiki ya kwanza ya Machi. Ndiyo, dereva wa lori la tope tunamwita Marashi, na jina alijipa mwenyewe kabla watu hawajamtungia baya zaidi.

Panda mahindi tu. Mboga za kula mbichi usipande hapo mpaka ipite miezi kumi. Tope lisimwagwe karibu na kisima, hatua sitini uhesabu mwenyewe, usimwamini Marashi, yeye hatua zake ni za kuruka.

Unasema hukumbuki ulisema nini. Mimi nakumbuka. Ulisema, "Usikanyage tena hapa kama huna kazi na shamba hili." Mbele ya watu wote, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyangu. Sikuwa na kazi nalo, kwa hiyo sikukanyaga. Nakuandikia haya bila hasira. Hasira ilikwisha mwaka wa kwanza.

Dirisha langu linatazama matangi ya kukaushia tope. Harufu siisikii tena, ila nikipanda basi watu hunipisha kiti. Kopo lako lilipofika nililifungua peke yangu, kabla sijalimimina kwenye sahani nikatia kidole. Kanuni inakataza. Udongo ulikuwa na ubaridi uleule wa asubuhi, nikashindwa kufanya kazi mpaka baada ya chai.

Mpimaji (Kidole)


Shambani
20 Machi

Mwanangu,

Tope limeingia. Kwa siku tatu kuku wamekula wakiwa wameupa mgongo upepo. Mwalimu naye amepata lake kutoka mizigo hiyohiyo, tumepanda siku moja, na ameshaanza kunitambia kwamba mahindi yake yatanipita. Hatua sitini za kisima nilihesabu mimi. Marashi alikuja na zake arobaini, nikamrudisha mwanzo.

Kijitabu chako nimekisoma chote, kuanzia jalada mpaka jina la mpiga chapa. Hapa jioni hakuna cha kusoma, na mtu wa kuongea naye ni redio, nayo ikijibu hainijibu mimi. Kuna kifungu cha kumi na nne. Kinasema udongo ukizidi kiwango, umwagaji utasimama, na mpimaji aliyeupima atafika shambani mwenyewe kuchukua sampuli nyingine kwa mkono wake. Nauliza kwa kutaka kujua tu. Huyo mpimaji anayefika ndiye wewe, au kuna mwingine?

Usije ukafikiri nakungoja. Chumba chako nimekifanya stoo siku nyingi.

Mama yako


Maabara
2 Aprili

Mama,

Ndiye mimi. Lakini hutokea mara chache sana, na kwa udongo kama wako haitatokea. Marashi atapita tena Juni kuchukua kopo la pili, lile la baada ya kumwaga. Mpaka hapo hana safari ya upande huo, kwa hiyo hata barua itangoja. Simu najua haishiki mpaka upande kilimani, na zamani pale kilimani ulikuwa ukiniambia "kila kitu kizuri" kwa sauti ya kusikilizwa na watu.

Stoo ya nini?

Kidole


Shambani
12 Juni

Mwanangu,

Kopo hilo hapo. Mashimo kumi na tano. Mahindi ni mazuri, yanaanza kukauka.

Upime wewe mwenyewe, usimpe mtu.

Mama


Maabara ya Mitambo ya Maji Taka
21 Juni

Kwa Mkulima,
Shamba Namba 17.

Sampuli yako ya pili imeonyesha zinki mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Umwagaji wa tope umesimamishwa kwenye shamba lako na kwenye shamba lolote lililopokea tope la mizigo hiyohiyo. Mahindi ya mashamba hayo yasivunwe wala kuuzwa mpaka udongo upimwe upya. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, mpimaji atafika shambani tarehe 7 Julai.

Mpimaji wa Udongo

Nyongeza: Mama, nitashuka njia panda saa tatu asubuhi. Nimenunua viatu vya matope. Fundi wa viatu ameniuliza naenda wapi na furaha yote hiyo, nikamjibu ni safari ya kazi.


Shambani
27 Juni

Kidole wangu,

Saa mbili nitakuwa nimeshafika hapo njia panda. Nitakuja na toroli ya baba yako, usinibishie, mizigo yako ya kazi hutaibeba begani kilomita tatu. Gurudumu nimelitia mafuta. Magunia nimeyatoa chumbani, kitanda kipo, shuka nimefua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mvua ilinidhulumu.

Sasa nikuambie lingine, maana limenikaa kooni. Mwalimu amezuiwa mahindi yake. Yamekaukia shambani, ndege wanayafanyia sherehe, naye anapita hapa asubuhi ananisalimia kama kawaida, anasema ni bahati mbaya, tope ni tope. Hanilaumu. Angenilaumu ningepumua. Pensheni yake unaijua, haimfikishi mwisho wa mwezi, na mke wake dawa zake ni za kila siku. Nilimwambia avumilie mpaka tarehe saba, mwanangu anakuja kupima na yote yatakwisha. Akasema, "Kumbe ndiye yeye anayekuja? Basi angalau mmoja wetu kapata kitu."

Nilirudi ndani nikakosa hamu ya kula.

Marashi anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho huku mpaka kizuizi kiondolewe. Wewe njoo tu. Tutaongea.

Mama yako


Maabara
5 Julai

Mama,

Siji.

Mkubwa wangu amejua mimi ni nani kwako. Mtu haruhusiwi kukagua shamba la mzazi wake, kipo kifungu cha pili, nilikuwa nimekifumbia macho. Atakuja Mkaguzi. Ni mtu mwema, anapenda chai ya moto sana. Nimempa yeye barua hii kwa sababu hakuna lori.

Samahani kwa shuka.

Kidole


Shambani
7 Julai

Mwanangu,

Nimemwomba Mkaguzi angoje niandike hii ndiyo aondoke. Yuko barazani, anapuliza chai.

Nilikuwa njia panda toka saa moja na nusu. Basi liliposimama nikaona viatu vya matope vipya vinashuka, moyo ukanipasuka kwa furaha, halafu nikapandisha macho nikakuta ni mwanamume mwenye kofia. Akanipa barua yako. Nikaisoma palepale, kisha nikamwekea mizigo yake kwenye toroli, maana hana kosa.

Alipofika shimo la nne nilishindwa. Nilimwambia aache kuchimba. Nikamwambia udongo huu hauna kitu, mwenye kitu ni mimi. Kidole, ile zinki niliitia kwa mkono wangu. Nilichukua kipande cha mfereji wa paa, bati la zamani la baba yako, lile alilozoea kusema limepakwa zinki, nikakaa nalo mlangoni nikalisugua kwa tupa yake mpaka nikapata kiganja kizima cha unga. Nikauchanganya kwenye kopo. Nilitaka kile kifungu kikulete.

Nilifikiri watanifungia mimi peke yangu. Kwamba Mwalimu atakamatwa kwenye wavu wangu sikufikiri. Nilikuwa nimekisoma kijitabu chote, lakini nilikisoma kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha. Mengine yote yalipita.

Mkaguzi aliigeuza ndoo akakaa juu yake. Akatoa daftari. Akasema itabidi aandike kila neno. Nikamwambia aandike. Kisha akainuka akachimba mashimo yote yaliyobaki, kwa sababu anasema neno langu sasa halitoshi, na hapo amesema kweli.

Kwa Mwalimu nilikwenda mwenyewe, sikumtuma mtu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinitazama, halafu akasema, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa umelewa kweli." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Sijui kama amenisamehe. Kwa mlango kufungwa taratibu nina matumaini kidogo.

Wakikuuliza kazini, wewe hujui kitu. Ulipima ulicholetewa. Mwenye kosa ni mkulima, shamba namba kumi na saba.

Mama yako


Mjini
7 Julai

Mama,

Hii naitia posta, sijui itakufikia lini. Leo nimekwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia nilichofanya, na wewe lazima ukisikie kutoka kwangu kabla hakijaja na mhuri.

Siku kopo lako la pili lilipofika nililimimina kwenye chekeche. Juu ya nyavu vikabaki vijipande vinang'aa. Nikatia kidole. Mimi ni mtoto wa fundi bati, Mama, nimelala utoto wangu wote nikisikia ile tupa ikisugua. Nilijua ni bati kabla mashine haijawashwa, na nilijua ni mfereji wa upande gani wa nyumba.

Kanuni iko wazi. Sampuli ikiwa na kitu kigeni inatupwa, na mkulima anaandikiwa alete nyingine. Hakuna shamba linalofungwa, hakuna mtu anayezuiwa mahindi yake. Ni karatasi moja tu. Niliishika mkononi, nikairudisha kwenye droo. Nikapima bati kama vile ni udongo, nikaandika mara nne.

Nilielewa kwamba unaniita, nikaitika.

Na kama si mdomo wangu ningefika. Juzi nilikuwa mlangoni navijaribu viatu vyangu, mkubwa wangu akaniuliza kwa kupita tu naenda navyo wapi. Nilitakiwa kusema shamba namba kumi na saba. Nikasema, "Naenda kwa mama." Lilitoka lenyewe. Miaka mitatu sikuwa nimepata nafasi ya kulisema, na nilivyolisikia nikajua nimejiharibia, lakini Mama, lilikuwa tamu.

Leo asubuhi fundi wa mashine amepewa barua ya kujieleza. Tope letu wenyewe halina zinki kiasi kile, kwa hiyo wamefikiri mashine yake ndiyo mbovu. Ana watoto watatu, na mashine zile anazifuta kwa shati lake mwenyewe. Nilimwona anaisoma barua ile mara ya pili na ya tatu, nikashindwa kuendelea kukaa.

Nimesema nililiona bati. Sikusema limetoka wapi. Wakija kukuuliza, sema huenda lilidondoka kwenye ndoo. Ndoo kuukuu hudondosha vitu.

Kidole


Mjini
29 Julai

Mama,

Barua yako na yangu zilipishana njiani. Yako ilinifikia kesho yake kwa mkono wa Mkaguzi, naye alikuwa ameshasikia nilichomwambia mkubwa wangu, akaniambia kwa miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona watu wawili wanaogombania kosa moja.

Maamuzi yametoka. Udongo wa Mkaguzi ni safi, mashimo yote kumi na tano. Kizuizi cha Mwalimu kimeondolewa, avune leo hii, na lori litarudi kwake msimu ujao. Fundi wa mashine ameombwa radhi kwa maandishi. Wewe hutapata tope kwa mwaka mzima, karatasi utaletewa. Mimi nimesimamishwa kwa miezi sita, na nikirudi sitagusa tena udongo, nitawekwa kuandika namba za magari yanayoingia.

Sikulia mbele yao. Nililia nilipokabidhi chekeche.

Leo nimekaa chumbani, siku ya nne sina pa kwenda asubuhi. Viatu vya matope Mkaguzi amenirudishia, alikuwa ameviazima, amevifuta vizuri lakini kwenye kisigino kumebaki udongo wako. Sijautoa.

Nimeyafikiria yale maneno yako ya siku ya mazishi. Nilikuwa nimeyategemea kwa upande wangu pia, nilidhani siku nikipata kazi na shamba nitarudi kichwa juu, bila kuomba. Sasa nimeondolewa kwenye kazi yenyewe. Shamba lako haliko tena kwenye orodha ya mtu yeyote. Sina kopo, sina kifungu, sina kazi yoyote nalo.

Kwa hiyo nauliza, na hili ndilo nililotakiwa kuuliza miaka mitatu iliyopita. Naweza kuja?

Mwanao


Shambani
3 Agosti

Mwanangu,

Barua yako ameniletea Mwalimu, aliikuta posta alipokwenda kuuza mahindi. Hakuingia ndani, lakini aliikabidhi mkononi mwangu, hakuiacha uani. Naichukua hiyo kama salamu.

Nilikudanganya kwamba sikumbuki nilichosema siku ile. Nakumbuka kila neno, na nafasi niliyosimama. Nilikuwa nimetoka kumfukia mume wangu, wewe ukaniambia niuze alipolala, na mimi nikatafuta maneno ya kukuumiza nikayapata. Nilitaka ubishe. Hukubisha, uliokota mkoba wako. Tangu siku hiyo kila basi likisimama njia panda nanyanyua kichwa, hata nikiwa na jembe mkononi, Mwalimu ameshazoea, huniambia tu "siye" kabla sijauliza.

Na chumba chako hakijawahi kuwa stoo. Hakukuwa na gunia hata moja la kutoa.

Njoo hivyohivyo, bila kazi. Andika siku, au usiandike, mimi njia panda naijua na toroli nimeshaitia mafuta.

Mama